Kabla Hujamfungia Chumbani: Namna ya Kumfikisha Kwenye Matibabu Ndugu Aliyenaswa na Chang'aa au Unga

Tulipoamua kumwachisha mdogo wangu pombe, hatukumuuliza mtu yeyote wa hospitali. Tulikaa kikao cha familia nyumbani kwetu, upande wa Ahero, kaunti ya Kisumu, siku ya Ijumaa, tukakubaliana kwamba amedekezwa vya kutosha, tukamfungia katika chumba cha nyuma pamoja na godoro, ndoo na jagi la maji, na ufunguo akakabidhiwa mjomba. Jumamosi alitetemeka na kulowa jasho, nasi tukafurahi tukidhani sumu inamtoka. Usiku wa kuamkia Jumapili tulisikia kishindo. Tulipofungua mlango tulimkuta amekakamaa sakafuni, macho yamepinduka, povu lenye damu likimtoka mdomoni kwa kuwa alikuwa ameung'ata ulimi wake. Jirani mmoja alisema ni nyawawa, yaani mapepo, akaanza kugonga mabati ili kuwafukuza. Shangazi ndiye aliyekimbia barabarani kusimamisha tuktuki, na tulipofika hospitalini muuguzi wa zamu hakutaka kusikia habari za mapepo. Aliuliza swali moja tu: "Amekosa pombe tangu lini?"

Mdogo wangu yuko hai, na tangu usiku ule nimewasindikiza watu wengine kadhaa wa mtaa wetu kwenda kutibiwa, wengine wa chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, wengine wa unga, yaani heroini. Ninaloliandika hapa ni lile ambalo ningetamani mtu angetuambia siku ya Ijumaa kabla ya kikao: kwamba uraibu ni ugonjwa wa mwili kabla haujawa kesi ya tabia, kwamba kuna vitu ambavyo kuviacha ghafla kunaweza kuua, na kwamba kazi ya kwanza ya jamaa ni kumfikisha mgonjwa kwa mhudumu wa afya akiwa hai, hata kama bado anatumia.

Jua kwanza anatumia nini, kiasi gani, na tangu lini

Familia nyingi huanza na mahubiri, ilhali mahali pa kuanzia ni maswali. Muulize asubuhi, kabla hajatoka, mkiwa wawili tu, kwa sauti ile ile ambayo ungemuuliza mtu mwenye kisukari habari za sukari yake. Ukimwita mlevi au teja mbele ya watoto wake, atakudanganya, na utampeleka kwa daktari ukiwa na habari za uongo. Mama yetu, alipochoka kugombana, alipata jibu la kweli siku aliyomwekea uji na kumwambia, "Baba, sikukatazi leo. Niambie tu unakunywa ngapi." Akataja glasi zake moja baada ya nyingine, na mahali anapozinywea.

Kiasi kina maana kubwa, kwa sababu vinywaji vyetu havilingani. Upimaji uliofanywa Eldoret na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta busaa, pombe ya nafaka, ikiwa na pombe ya asilimia 4 hivi, nayo chang'aa ikiwa na asilimia 34 kwa wastani. Maana yake ni kwamba anayemaliza nusu lita ya chang'aa kwa mama pima, yaani muuzaji wa pombe ya kupimwa kwa glasi, anaingiza mwilini pombe inayolingana na chupa nane hivi za bia za nusu lita, ingawa yeye mwenyewe atakuapia kwamba amekunywa glasi chache tu.

Kwa unga, uliza ni kete ngapi, yaani vipakiti vingapi, kwa siku, na kama anavuta au anajidunga. Uliza pia kuhusu vidonge, hasa vile vya usingizi ambavyo vijana wanaviita bugizi, na diazepamu inayouzwa kisirisiri. Vidonge hivi vikitumiwa kila siku kwa muda mrefu vina hatari ile ile ya pombe: ukiviacha ghafla, unaweza kuangushwa na kifafa. Bangi, miraa na muguka haviui kwa kuachwa ghafla, ijapokuwa mtu anaweza kukosa usingizi, kuwa na hasira na kuzama katika huzuni kwa wiki kadhaa, na huyo anahitaji mshauri nasaha zaidi ya anavyohitaji dawa.

Pombe: kwa nini haikatwi ghafla nyumbani

Pombe hupooza ubongo. Ubongo wa mtu anayekunywa kila siku hujifunza kusukuma kinyume chake ili mwili uendelee kufanya kazi, kama mtu anayeegemea mlango kwa nguvu zake zote kwa sababu kuna anayeusukuma upande wa pili. Huyo wa upande wa pili akiondoka ghafla, aliyeegemea anaanguka kifudifudi. Ndivyo inavyokuwa pombe inapokatwa kwa siku moja: ubongo hubaki umewaka bila breki.

Mpangilio wa saa unajulikana vizuri, na inafaa kila mwenye mnywaji nyumbani aujue. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na wasiwasi huanza kati ya saa 6 na saa 12 baada ya glasi ya mwisho. Kifafa huja mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne ndipo hutokea hali iliyo mbaya kuliko zote, ambapo mtu huchanganyikiwa, huona wadudu au watu wasiokuwapo, mwili huchemka na moyo hupiga mbio, na asipotibiwa anaweza kufa. Sisi tulidhani siku ya kwanza ndiyo ngumu na zinazofuata ni nafuu. Ni kinyume chake.

Kwa hiyo muulize mambo mawili. Je, mikono yake hutetemeka asubuhi mpaka apate glasi ya kwanza? Je, amewahi kuanguka kifafa au kuona maruweruwe alipokosa pombe? Likiwapo jibu la ndiyo hata kwa swali moja, msimwachishe nyumbani. Mpelekeni kwanza kituo cha afya au hospitali, na hadi siku atakapoonwa asiache pombe kwa mara moja. Apunguze kidogo kidogo, asinywe akiwa na njaa, wala asiwe peke yake. Najua neno hili ni gumu kwa mzazi aliyemwomba Mungu miaka kumi mtoto wake aache. Mimi mwenyewe nilimkasirikia muuguzi aliyeniambia kwamba glasi ndogo usiku ule ingekuwa na hatari ndogo kuliko kufuli yetu, lakini alikuwa akisema kweli, na kisayansi hakuna mjadala juu ya jambo hilo.

Hospitalini atapewa diazepamu au dawa ya jamii hiyo kwa kipimo kinachopunguzwa siku baada ya siku, kwa kawaida chini ya uangalizi wa wiki moja hivi. Usiinunue mwenyewe dukani ukampa kwa kukisia, kwa kuwa ikikutana na pombe mwilini inaweza kumzima pumzi. Atahitaji pia vitamini B1, inayoitwa tayamini, kwa sababu wanywaji wa muda mrefu huwa wameishiwa nayo, na upungufu wake huharibu kumbukumbu, macho na mwendo kwa namna ambayo huenda isirekebike. Hapa jamaa ana kazi ndogo yenye thamani kubwa: mhudumu akija na dripu ya glukosi, mwambie wazi, "Sista, huyu ni mnywaji wa kila siku na hajala vizuri kwa muda mrefu," ili apewe tayamini kwanza au kwa wakati mmoja. Glukosi peke yake kwa mtu kama huyo inaweza kuzidisha madhara ya ubongo, na katika msongamano wa wodi ya dharura jambo hili husahaulika.

Kifafa kikitokea kabla hamjafika hospitalini, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, weka nguo chini ya kichwa chake, na tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimmwagie maji, usimshike kwa nguvu. Kikiisha, safari ya hospitali ianze mara moja, hata kama ameamka na anasema yuko sawa, kwa maana mara nyingi cha kwanza hufuatwa na kingine.

Kuna dharura nyingine ya pombe isiyohusu kuacha. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo, John Mututho, iliruhusu chang'aa itengenezwe kwa viwango na kutiwa chupani, lakini ile inayopimwa kwa glasi uani haijapimwa na mtu, na baadhi yake imetiwa methanoli, aina ya spiriti yenye sumu. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya kwa pombe ya namna hiyo. Dalili zake hujificha, kwani mtu hulewa kama kawaida, akalala, kisha baada ya saa 12 hadi 24 anaanza kuumwa kichwa na tumbo, kuhema kwa kasi, na kuona ukungu mweupe machoni. Watu hudhani ni uchovu wa jana. Mnywaji yeyote anayesema macho yake yameingia ukungu apelekwe hospitali kubwa saa hiyo hiyo, yenye dawa ya kuzuia methanoli na mashine ya kusafisha damu, na wale aliokunywa nao watafutwe hata kama bado wanajisikia vizuri. Mtindo wa kuwasha chang'aa kiberiti ili kutazama rangi ya moto hauthibitishi lolote.

Unga: arosto haiui kama pombe, ila siku zinazofuata ndizo za hatari

Anayekosa unga hupatwa na arosto kuanzia saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho: makamasi, machozi, miayo, mwili kuuma hadi kwenye mifupa, kuhara na kutapika. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele, na baada ya wiki moja hivi makali hupungua. Mtu mzima mwenye afya hafi kwa arosto yenyewe, ilimradi apate maji ya kutosha, kwa kuwa kuhara na kutapika bila kunywa chochote kunaweza kumuua aliyedhoofu. Ndiyo maana familia nyingi hujipongeza: tulimfungia wiki mbili, akapona.

Hajapona. Ubongo wake bado unautaka unga, lakini mwili wake umesahau kuustahimili. Akitoka leo na kutumia kiasi kile kile alichokizoea mwezi uliopita, pumzi inaweza kukatika. Ndiyo sababu wanaotumia unga hufa sana katika wiki za kwanza baada ya kutoka gerezani, baada ya kutoka katika kituo cha urekebishaji, na baada ya kufungiwa nyumbani. Kijana mmoja wa mtaa wa Manyatta, Kisumu, niliyemfahamu tangu akiwa shule ya msingi alirudi kutoka katika kituo kimoja cha kulipia akiwa amenenepa na kunyolewa vizuri, na wazazi wake wakachinja kuku. Siku ya nne alikutwa nyuma ya vibanda. Hakuna aliyekuwa amemwambia, wala kuwaambia wazazi wake, habari hii ya mwili kusahau, na kituo kilichochukua ada yao kilikuwa na wajibu wa kuwaambia.

Tiba iliyothibitika zaidi kwa uraibu wa heroini ni methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005 pamoja na buprenofini, dawa nyingine ya namna hiyo. Nchini Kenya huduma hii ilianza mwaka 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, ikaenda Pwani, na baadaye Kisumu. Watu hupinga wakisema ni kubadilisha unga kwa unga mwingine. Tofauti yake ni hii: heroini hupanda na kushuka ndani ya saa chache, kwa hiyo mtu hushinda akitafuta pesa, akiiba, akijidunga na kuumwa, ilhali methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, haimleweshi aliyepimiwa vizuri, na humwachia saa za kufanya kazi. Mwenye shinikizo la damu hatumlaumu kwa kumeza kidonge chake kila asubuhi.

Anayeishi Kisumu na anze katika idara ya afya ya akili ya Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Russia. Wa Nakuru na wa Kakamega waulize katika hospitali za rufaa za kaunti zao, na walio karibu na Eldoret waende hospitali ya rufaa ya Moi, yenye kitengo cha walevi na watumiaji wa dawa za kulevya. Kabla ya kulipa nauli, piga simu 1192, namba isiyolipiwa ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uulize ni huduma ipi inayofanya kazi karibu nawe sasa hivi. Nasema sasa hivi kwa sababu misaada ya Marekani iliposimamishwa Januari 2025, baadhi ya huduma zilizoitegemea zilifunga milango au kupunguza wafanyakazi.

Siku ya kwanza huenda asipewe dawa. Atahojiwa, atapimwa mkojo, atapimwa virusi vya Ukimwi, kifua kikuu na homa ya ini, na atakaa na mshauri nasaha. Dozi ya kwanza huwa ndogo, kwa kawaida miligramu 20 na isiyozidi 30, kisha hupandishwa polepole, kwa kuwa methadoni hujikusanya mwilini kwa siku kadhaa na anayepandishiwa haraka anaweza kulala asiamke. Wengi hutulia wakifika kati ya miligramu 60 na 120. Katika wiki hizo za mwanzo bado atahisi arosto jioni, na huu ndio wakati wa familia kumshika mkono, maana wengi hukimbia hapo wakisema dawa haifanyi kazi.

Nimesimama kwenye foleni ya dirisha la methadoni nikiwa na mtoto wa jirani, dereva wa tuktuki, ambaye hufika mapema kabla ya abiria wa asubuhi. Muuguzi hulitafuta jina lake, humtazama machoni kuona kama amelewa, humpimia kikombe kidogo cha maji maji, kijana hunywa, huongezewa maji kidogo ndani ya kikombe kile kile na kuyanywa pia, kisha huulizwa, "Umeamkaje leo?" Akijibu "Salama, sista," muuguzi amejua kwamba dawa imemezwa, haikufichwa shavuni. Shughuli yote haifiki dakika mbili. Inabidi irudiwe kila siku, na ugumu wake uko hapo: nauli, mvua, msiba wa ukweni, mwajiri asiyeelewa. Mkitaka kusaidia kwa pesa, lipeni nauli ya kwenda kliniki. Akikosa siku tatu mfululizo asipewe dozi ile ile ya zamani. Lazima aonwe upya na daktari.

Mambo mawili ni ya lazima kumwambia daktari. La kwanza ni dawa nyingine anazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu, pamoja na baadhi ya dawa za zamani za virusi vya Ukimwi kama efavirenzi na nevirapini, huifanya methadoni iishe mwilini haraka, na mgonjwa hurudi kwenye arosto huku dozi yake haijapunguzwa. Katika eneo letu la ziwa, ambako wengi wako kwenye dawa hizo, nimeona watu wakilaumiwa kwamba wamerudia unga ilhali ilikuwa dozi tu inayohitaji kuongezwa. La pili ni pombe na vidonge vya usingizi. Methadoni ikichanganywa na chang'aa au bugizi huua.

Asiye tayari kwa methadoni naye anastahili kuishi. Kama anajidunga, sindano iwe mpya kila mara na isigawanwe, pamoja na kijiko na maji, kwani uchunguzi wa serikali miaka ya mwanzo ya 2010 ulikuta asilimia 18.3 ya wanaojidunga nchini wana virusi vya Ukimwi, mara tatu ya watu wazima kwa jumla wakati ule. Kenya iliukubali mpango wa kugawa sindano safi zaidi ya miaka kumi iliyopita, na waelimishaji rika, ambao wengi wao walipitia njia hiyo hiyo, ndio wanaojua zinapatikana wapi. Apimwe homa ya ini aina ya C pia: siku hizi hutibika kwa vidonge vya miezi mitatu, na wengi sana hupona kabisa. Ukikuta sindano nyumbani, usizitupe chooni wala kwenye jaa ambako watoto huokota chupa. Ziweke ndani ya chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, zirudishwe kliniki.

Tena usimwache atumie akiwa amejifungia peke yake. Ukimkuta hajibu, anakoroma kwa sauti ya kugugumia, midomo imekuwa ya samawati au kijivu, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, na pumzi zinakuja moja moja, huko ni kuzidiwa na unga. Msugue kifuani kwa vifundo vya vidole na kumwita jina. Asipoamka, tuma mtu aite gari, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde tano mpaka aanze kupumua mwenyewe. Kama kuna naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini mwilini, sindano moja kwenye msuli wa paja huanza kazi ndani ya dakika mbili hadi tano. Asipobadilika, ongeza ya pili. Maziwa, maji baridi na sindano ya maji ya chumvi havisaidii, na maziwa yanaweza kumwingia mapafuni. Akiamka usimwache aondoke, kwa kuwa naloksoni huisha nguvu kati ya dakika 30 na 90, huku unga bado umo mwilini. Mlaze ubavu, mkae naye, afike hospitalini.

Kabla ya kulipia kituo cha urekebishaji

Vituo vingi vya kulaza hudai miezi mitatu, na familia huuza ng'ombe au kipande cha shamba. Usilipe kabla hujafika mwenyewe na kuuliza. Je, kina idhini ya NACADA, na cheti chake kiko wapi? Usiku yuko muuguzi, au ni mlinzi tu? Mtu akianguka kifafa siku ya pili mnafanyaje? Dawa zake za virusi, za kifua kikuu na methadoni zitaendelea? Naruhusiwa kumwona lini? Akitoka, nani atamfuatilia? Kituo kinachotuma vijana wenye nguvu kumkamata mgonjwa usiku na kumtupa ndani ya gari, kinachowafunga watu minyororo au kuwachapa, hakitibu, hata kiwe na jina zuri na bendera ya kanisa. Ulizia pia kwenye ofisi ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ni sehemu gani ya gharama inayolipwa kabla hujatia sahihi.

Kuhusu polisi, ushauri wangu ni kwamba wasiitwe ili kumfunza adabu. Selo ni kufuli nyingine, na kifafa cha pombe hakijui tofauti. Iwapo ameshakamatwa, nenda kituoni haraka na barua ya kliniki, mweleze mkuu wa kituo kwamba mtu huyu ana dawa za kila siku au ni mnywaji anayeweza kuanguka, na umwombe wakili aikumbushe mahakama kwamba sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inaipa mahakama uwezo wa kuagiza matibabu. Misako ya chang'aa nayo, kwa jinsi ninavyoiona katika mtaa wa Obunga, Kisumu, huvunja mitungi na kuhamisha wanywaji kwenye vichochoro vya giza zaidi. Sijaona hata mmoja aliyepona kwa sababu ya msako. Chifu akiitisha baraza, mwombeni muuguzi naye apewe nafasi ya kusema.

Akirudia, na karatasi ya mfukoni

Wengi hurudia, baadhi mara kadhaa. Mdogo wangu alirudia mara mbili, mara ya kwanza baada ya miezi mitano, wakati wa matanga ambako kila mtu alikuwa akimwagiwa glasi. Hatukumfungia. Siku iliyofuata tulikwenda naye kliniki, na kwa kuwa alikuwa amekunywa siku mbili tu, haikuwa lazima alazwe. Kilichomsaidia baadaye, kwa maneno yake mwenyewe, ni kazi ya kupakua samaki iliyomwamsha alfajiri, kikundi cha wenzake wanaokutana kila Alhamisi, na mama aliyeacha kumnusa mdomo kila anapoingia.

Kabla ya safari ya kwanza hospitalini, andika mambo haya kwenye karatasi moja, umkabidhi mhudumu, kwa maana mkifika mtakuwa na hofu na mtasahau: anachotumia na kiasi chake kwa siku, saa ya mwisho aliyokitumia, kama amewahi kuanguka kifafa au kuzidiwa, dawa zote nyingine anazomeza, na ubebe makopo yake, chochote kinachomdhuru, kama penisilini, na jina la mtu mmoja wa nyumbani atakayepokea simu. Chini kabisa mwache aandike mwenyewe, kwa mkono wake, anachotaka kusaidiwa. Wa kwetu aliandika maneno matatu: "Nataka kulala usiku."